Mtandao Umefika Kileleni: Kwa Nini Bondeni Simu Hukatika?

Tarehe 13 Desemba 2022 huduma ya intaneti yenye kasi ilifika katika Kilele cha Uhuru, mita 5,895 kutoka usawa wa bahari. Miezi minne kabla ya siku hiyo, Shirika la Mawasiliano Tanzania (TTCL) lilikuwa limekwisha kuifikisha huduma hiyo katika kituo cha Horombo, mita 3,720, kwenye njia ya Marangu. Tangu wakati huo mwongozaji anayemwona mgeni wake akizidiwa na hewa nyembamba anaweza kuita msaada papo hapo, na mpagazi anaweza kuwajulisha wa nyumbani kwamba yu salama.

Habari hizo ziliwafurahisha wengi, lakini ziliacha swali kwa wakazi wa baadhi ya vitongoji vilivyo kwenye miteremko ya mlima huohuo. Iweje aliye juu ya barafu azungumze kwa simu ya picha, na mama aliye kihambani, karibu kabisa na barabara, alazimike kupanda kilima ndipo sauti yake isikike? Swali hilo ni la haki, na makala hii inakusudia kulijibu. Kukosa mtandao si mkosi wa kijiji wala si kudra. Zipo sababu zinazojulikana, kila sababu ina dalili zake, na kila moja ina dawa yake. Mwananchi anayeijua sababu hujua pia mlango wa kubisha.

Huduma zinazopita kwenye simu

Zamani simu ilikuwa chombo cha salamu na misiba. Leo sehemu kubwa ya huduma za umma hupita humo. Mfanyabiashara anayelipia leseni yake kupitia mfumo wa TAUSI hupewa namba ya malipo na kulipa kwa simu. Mkulima anayehitaji mbolea ya ruzuku husajiliwa katika mfumo wa kidijitali ulioanza kutumika msimu wa 2022/2023. Fedha za mauzo ya ndizi, maziwa na kahawa hutumwa kwa simu, na ada za shule vivyo hivyo.

Jambo zito zaidi ni uhai. Mfumo wa usafiri wa dharura wa m-mama, uliozinduliwa kitaifa mwezi Aprili 2022, huwahudumia wajawazito, wazazi waliojifungua karibuni na watoto wachanga. Mtu hupiga namba 115 bila malipo. Kituo cha uratibu hutafuta gari la wagonjwa, na likikosekana humwita dereva wa jamii aliyesajiliwa, ambaye hulipwa kupitia simu yake. Mfumo huo wote husimama juu ya sharti moja: kwamba simu ya kwanza itatoka. Ikiwa nyumba ya mzazi iko penye giza la mtandao, gari lipo, dereva yupo, fedha ipo, ila hakuna wa kuwaambia.

Mvua nazo zina somo lake. Maji yanayonyesha usiku katika kata za juu huweza kufika tambarare za Kahe, Mabogini na Arusha Chini kabla ya mapambazuko. Simu moja kutoka juu, ikipigwa kwa wakati, huwapa walio chini saa kadhaa za kuhamisha watoto, mifugo na chakula. Hivyo giza la mtandao katika bonde moja ni hatari hata kwa walio mbali na bonde hilo.

Kutoka waya hadi wimbi

Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, huduma za posta na simu zilizokuwa za pamoja kwa Kenya, Uganda na Tanzania ziligawanyika, na nchi yetu ikaunda Shirika la Posta na Simu Tanzania. Simu ya wakati huo ilikwenda kwa waya wa shaba uliotundikwa nguzoni. Katika nchi iliyochanwa na makorongo kama hii yetu, kuvusha waya kutoka mgongo mmoja wa mlima hadi mwingine ilikuwa kazi ya gharama kubwa, nao mti mmoja ukianguka ulitosha kuinyamazisha tarafa. Simu zilikuwa katika ofisi, misheni, hospitali na vyama vya ushirika. Mwananchi wa kawaida alikwenda posta, au alituma barua kwa basi. Mahali ambapo waya haukufika, polisi na zahanati walitumia simu ya upepo.

Mwaka 1994 shirika hilo liligawanywa, zikazaliwa Kampuni ya Simu Tanzania na Shirika la Posta. Mwaka huohuo kampuni ya Mobitel ilianza kutoa huduma ya simu za mkononi nchini. Vodacom ilifuata mwaka 2000 na Celtel mwaka 2001, na simu ya mkononi ikaanza kutoka mijini kuelekea vijijini. Mwaka 2003 ilitungwa sheria iliyounda Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA), msimamizi wa sekta hii hadi leo. Mwezi Aprili 2008 huduma ya M-Pesa ilianza nchini, na simu ikawa pia mkoba wa fedha.

Badiliko jingine lilitokea baharini. Kabla ya mwaka 2009 mawasiliano yetu na dunia yalipita kwenye setilaiti zilizo umbali wa takriban kilomita 36,000 angani. Aliyezungumza na ndugu aliye ng'ambo anakumbuka jinsi sauti ilivyochelewa, hata wawili wakawa wanaingiliana maneno. Mwezi Julai 2009 mkongo wa SEACOM ulianza kazi ukipita chini ya bahari, na mwaka 2010 ukafuata ule wa EASSy. Serikali nayo ilijenga Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano, nyuzi nyembamba za kioo zinazobeba taarifa kwa mwanga. Njia yake ya kaskazini hupita Moshi kuelekea Arusha.

Katika safari hiyo yote, umbali ulishindwa hatua kwa hatua. Kilichobaki kutushinda ni sura ya nchi.

Mlima wenyewe ni ukuta

Wimbi la simu ni ndugu wa mwanga. Hupenda kwenda moja kwa moja, na likikuta kizuizi huacha kivuli nyuma yake. Ukitazama miteremko ya Kilimanjaro kutoka angani utaona migongo mirefu inayoshuka kutoka msituni kuelekea tambarare, na katikati yake makorongo ya mito kama Weruweru, Karanga, Rau na Himo. Mnara hujengwa juu ya mgongo kwa sababu huko ndiko unakoonekana na wengi. Lakini aliye chini ya korongo ametenganishwa nao na ukuta wa udongo na mawe ambao hakuna wimbi la simu linaloupenya. Aliye kileleni hana ukuta wowote mbele yake. Ndiyo maana, pamoja na ugumu wa kupandisha mitambo, wimbi likifika huko hutapakaa bila pingamizi. Hilo ndilo jibu la nusu ya swali letu.

Kizuizi cha pili ni kijani chetu tunachojivunia. Majani yamejaa maji, na maji hulimeza wimbi. Kihamba chenye migomba iliyoshonana, kahawa chini yake na miti ya kivuli juu yake hulidhoofisha wimbi kabla halijafika mlangoni. Kizuizi cha tatu ni nyumba yenyewe. Bati hulirudisha wimbi lilikotoka, na ukuta mnene wa tofali hulipunguza nguvu. Kwa hiyo si ajabu simu ikamate uani na ikatike sebuleni.

Mawimbi nayo hayalingani. Yale ya masafa ya megahazi 900, yanayotumiwa sana na simu za kawaida, yana urefu wa takriban sentimita 33, zaidi kidogo ya rula ya shule. Yale ya megahazi 1800 ni nusu ya hapo, na yale ya megahazi 3500, yanayotumiwa na teknolojia ya 5G, hayafiki sentimita 9. Wimbi refu hujipinda vizuri zaidi kwenye ukingo wa kilima na hustahimili majani. Wimbi fupi hubeba taarifa nyingi kwa haraka lakini huchoka mapema. Kwa sababu hiyo teknolojia mpya inayosifiwa mijini inaweza isiwe dawa ya kwanza kwa bonde lenye migomba.

Hapa kuna habari njema isiyojulikana na wengi. Tanzania ilianza kuzima matangazo ya televisheni ya analojia tarehe 31 Desemba 2012, na wengi wetu tukalazimika kununua ving'amuzi, si bila manung'uniko. Televisheni za zamani zilikuwa zimekalia masafa marefu yenye thamani kubwa. Zilipohama, masafa ya megahazi 700, ambayo wimbi lake lina urefu wa takriban sentimita 43, yaliachwa wazi, na TCRA ikayauza kwa mnada kwa kampuni za simu. Wimbi hilo ndilo linalofaa zaidi kupeleka 4G kwenye nchi ya milima na miti.

Mnara hauishi kwa wimbi pekee

Mnara unahitaji mambo mawili nyuma yake: njia ya kupeleka taarifa na umeme wa kuuendesha.

Kuhusu njia ya taarifa, mfano ulio karibu nasi ni mfongo. Wazee wetu walichimba mifongo iliyoyatoa maji mtoni na kuyapeleka vihambani kupitia matawi, kila ukoo kwa zamu yake. Mkongo wa Taifa ni mfongo mkuu. Kutoka hapo taarifa hufika kwenye minara kwa tawi la nyuzi za kioo, au kwa mawimbi yanayorushwa kutoka mnara mmoja hadi mwingine. Tawi likiwa jembamba na wenye mashamba wakiwa wengi, maji hayamtoshi yeyote. Hivyo ndivyo inavyokuwa saa mbili usiku, watu wote wanapofungua simu zao kwa pamoja: simu huonyesha mtandao umejaa, lakini picha haifunguki.

Na mfongo mkuu ukibomoka, wote hukauka. Tarehe 12 Mei 2024 mikongo ya EASSy na SEACOM ilikatika baharini upande wa kusini mwa Afrika, na intaneti ikadhoofika Tanzania na katika nchi jirani. Siku hiyo hakuna kijiji wala jiji lililoweza kujitengenezea lenyewe. Kukatika kwa nyuzi zilizozikwa kandokando ya barabara zetu, hata hivyo, huweza kuzuiwa. Kabla ya kuchimba mtaro wa maji, msingi wa ukuta au shimo la nguzo karibu na barabara, mwananchi na mkandarasi waulize ofisi ya kijiji kama kuna nyuzi zilizopita hapo, na alama zilizowekwa na kampuni zisiondolewe. Pigo moja la sururu linaweza kunyamazisha kata kadhaa.

Kuhusu umeme, mnara hutegemea gridi, jenereta, betri au nishati ya jua. Umeme ukikatika, betri huubeba kwa muda, kisha huzima. Anayeiba betri au mafuta ya jenereta ya mnara haiibii kampuni pekee. Humnyima jirani yake simu ya usiku anapouguliwa.

Kizazi cha simu uliyonayo

Watu husikia 2G, 3G, 4G na 5G bila kuelezwa maana yake. Herufi hiyo huashiria kizazi. Kizazi cha pili kililetwa kwa ajili ya sauti na ujumbe mfupi, na huduma nyingi za fedha kwa simu bado huweza kufanyika juu yake. Cha tatu kilileta intaneti ya wastani. Cha nne kilijengwa kwa ajili ya intaneti yenye kasi. Cha tano, kilichozinduliwa kibiashara nchini mwaka 2022, hubeba mengi zaidi kwa umbali mfupi.

Jambo la kuzingatia ni kwamba 4G ilibuniwa bila njia ya sauti ya aina ya zamani. Simu nyingi zinapotaka kupiga hushuka kwanza kwenye 3G au 2G, na ndiyo maana alama ya 4G hupotea unapozungumza. Simu mpya zaidi zinaweza kupitisha sauti ndani ya 4G yenyewe, mtandao ukiruhusu. Ujerumani ilizima 3G mwaka 2021 ili masafa yake yatumike kwa vizazi vipya, na nchi nyingine kadhaa zimefanya hivyo. Anayenunua simu leo, hasa kwa akiba aliyoitunza kwa muda mrefu, amuulize muuzaji maswali mawili: je, simu hii inapokea 4G, na je, inapiga sauti kwa 4G? Simu ya bei nafuu isiyo na sifa hizo inaweza kuzeeka kabla haijaharibika.

Hilo halimaanishi kuidharau simu ndogo ya kitochi. Betri yake hudumu siku kadhaa, nayo hutumia mawimbi ya 2G yanayofika mbali. Katika nyumba yenye mgonjwa au mjamzito, simu ya aina hiyo, ikiwa na chaji, ni akiba nzuri.

Kuitambua sababu kwa dalili zake

Kabla ya kulalamika, ni vema kaya na kitongoji wachunguze kwanza. Dalili nne zifuatazo zitasaidia.

Kwanza, mtandao haupo mahali fulani saa zote, mchana na usiku, lakini ukitembea hatua mia moja unapatikana. Hicho ni kivuli cha mlima. Jaribuni laini za kampuni nyingine mahali hapohapo, kwa kuwa minara yao huenda iko upande mwingine wa bonde. Kampuni zote zikikosekana, dawa ni mnara mpya au mtambo mdogo wa ziada.

Pili, mtandao unaonekana umejaa, lakini intaneti hutambaa nyakati za jioni na kuamka alfajiri. Huo ni msongamano. Dawa yake ni kampuni kuongeza uwezo wa mnara uliopo. Mnara mwingine huenda hauhitajiki.

Tatu, kijiji kizima hupoteza mtandao kwa wakati mmoja, mara nyingi saa chache baada ya umeme kukatika. Hapo betri au jenereta ya mnara ina kasoro. Andikeni saa uliyokatika umeme na saa uliyopotea mtandao. Tofauti hiyo humwonyesha fundi hali ya betri.

Nne, jirani anapata mtandao wa kampuni ileile akiwa amesimama ulipo wewe, nawe hupati. Kasoro iko kwenye simu au laini yako. Hamishia laini katika simu nyingine uone kabla ya kulaumu mnara.

Nani hujenga, na kwa nini huko si huku

Kampuni ya simu ni mfanyabiashara. Hujenga penye wateja wengi, na bonde lenye kaya chache na barabara mbaya huachwa hadi mwisho. Kwa kulitambua hilo, mwaka 2006 ilitungwa sheria ya kuanzisha Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote (UCSAF). Mfuko huo hutoa ruzuku kwa kampuni ili zijenge mahali ambapo biashara pekee isingezivuta. Mwezi Mei 2023 ilisainiwa mikataba ya kujenga minara 758 katika kata 713 nchini kwa utaratibu huo.

Maeneo ya kunufaika huchaguliwa kwa taarifa, na hapo ndipo penye tatizo kwa wilaya yenye makorongo. Ramani inayochorwa kwa kata huweza kuonyesha kwamba kata ina mtandao kwa sababu mgongo wake unao, ilhali vitongoji viwili vya bondeni viko gizani. Kompyuta haiyaoni makorongo yetu kama tuyaonavyo sisi. Taarifa sahihi ya kitongoji kwa kitongoji haiwezi kutoka Dodoma. Inatoka kwa anayeishi hapo.

Mnara na kihamba

Mara nyingi eneo bora la mnara huwa ni kihamba cha mtu. Mkataba wa kukodisha eneo hilo hudumu miaka mingi, na kodi yake imekwisha kuwa chanzo cha faraja katika baadhi ya familia na chanzo cha ugomvi katika nyingine, hasa pale kihamba ni cha ukoo na aliyesaini ni mmoja. Kabla ya kusaini, familia ikubaliane kwa maandishi, mwenzi wa ndoa akiwemo, na serikali ya kijiji ishirikishwe. Msome mkataba wote, au mtafute wa kuwasomea: ni wa miaka mingapi, kodi itapanda lini na kwa kiasi gani, njia ya kuingilia itapita wapi, kelele za jenereta zitadhibitiwaje, na mnara ukiondolewa nani atarudisha ardhi katika hali yake. Kampuni kwa upande wake inapaswa kuwa na kibali cha ujenzi, cha mazingira na cha urefu wa mnara kwa usalama wa ndege. Mwananchi ana haki ya kuviulizia.

Wapo wanaohofia mionzi. Hofu hiyo isidharauliwe, ila ijibiwe. Mawimbi ya simu ni ya aina isiyo na nguvu ya kuvunja chembe za mwili kama ifanyavyo mionzi ya eksirei. Nguvu yake hupungua upesi kwa umbali: ukienda mara mbili mbali zaidi, hubaki robo. Aidha, simu iliyo mbali na mnara hulazimika kurusha wimbi kwa nguvu zaidi ili isikike, ndiyo maana betri huisha haraka mahali penye mtandao dhaifu. Na simu hiyo iko sikioni mwako. Tume ya Nguvu za Atomiki Tanzania (TAEC) ndiyo yenye jukumu na vifaa vya kupima mionzi ya minara. Kijiji chenye shaka kiombe kipimo badala ya kuishi na uvumi.

Yaliyo mikononi mwetu

Kwa kitongoji kinachokabiliwa na giza la mtandao, hatua zifuatazo zinaweza kuchukuliwa bila kusubiri mtu.

Kila kitongoji kitambue mahali pake pa kupigia simu za dharura, pale ambapo mtandao haukosi, na kila mtu, watoto wakiwemo, apafahamu. Njia ya kufika hapo ifyekwe na ipitike usiku. Kaya yenye mjamzito anayekaribia siku zake ipange mapema nani atakwenda hapo kupiga 115. Namba nyingine za kukariri ni 112 ya polisi na 114 ya Zimamoto na Uokoaji. Namba 112 ina sifa ya ziada: simu huitambua kuwa ya dharura, na laini yako ikikosa mtandao wake, hujaribu kupitia mtandao wa kampuni nyingine uliopo hapo.

Kisha viongozi wa kitongoji waandike orodha: mahali penye kivuli, idadi ya kaya, kampuni zilizojaribiwa, saa na dalili. Zahanati, shule na vivuko hatarishi vilivyo ndani ya eneo hilo vitajwe. Orodha ipelekwe mkutano mkuu wa kijiji na iingizwe kwenye muhtasari, ipite kwa Mtendaji wa Kijiji hadi Kamati ya Maendeleo ya Kata, na kutoka hapo ifike Halmashauri. Muhtasari wenye mhuri na takwimu una uzito ambao malalamiko ya njiani hayana.

Kwa kasoro za mnara uliopo, mteja apige 100, namba ya huduma kwa wateja inayotumiwa na kampuni zote za simu, na aandike tarehe na jina la aliyemhudumia. Asiporidhika, ngazi inayofuata ni TCRA, ambayo ofisi yake ya Kanda ya Kaskazini iko Arusha. Lipo pia Baraza la Ushauri la Watumiaji wa Huduma za Mawasiliano, lililoundwa na sheria ileile ya mwaka 2003 ili kumsemea mtumiaji.

Teknolojia itaendelea kubadilika, na kila mwaka utaleta herufi na namba mpya za kutangazwa. Makorongo yetu hayatabadilika. Kwa hiyo kila teknolojia inayokuja tuipime kwa swali moja: je, usiku wa mvua, mama aliye chini kabisa ya bonde, akibonyeza namba tatu, atajibiwa? Kitongoji ambacho bado hakina jibu la ndiyo kianze orodha yake kabla ya mkutano ujao wa kijiji.